Ajabu ya Kusikika na Ajabu ya Kuonekana: Riwaya za Fantasia za Kiswahili Mbele ya Kamera

Mwaka 2021 riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotolewa mwaka 1999, ilionyeshwa Toronto ikiwa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Ilidhihirika hapo kwamba riwaya ya Kiswahili yaweza kuingia katika sinema pasipo kuivua lugha yake. Lakini hiyo ni riwaya ya uhalisia, na Zanzibar ni mahali panapofikika. Mtihani mgumu zaidi ni ule wa riwaya ambazo nchi zake hazimo katika ramani yoyote.

Aghalabu hutajwa kwanza Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi iliyo angani ni kishawishi kikubwa kwa mwongozaji yeyote. Hata hivyo, uzito wa kitabu hiki umo barazani, si mawinguni. Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa pande sita, wakarejea na maarifa, wakaadhibiwa. Ajabu yote hupitia kinywani mwa mshtakiwa. Jina lenyewe limejengwa kwa mnyambuliko wa kutendeka: kinachosadikika ni kile kiwezacho kusadikiwa, wala si lazima kiwe kimekwisha kusadikiwa. Kamera haina kiambishi cha namna hiyo, kwani kilichoonyeshwa kimekwisha kuwapo. Mwongozaji atakayemwaga fedha katika majumba ya angani, akausahau uso wa Karama na nyuso za wanaomsikiliza, atakuwa ametengeneza filamu ya kitabu kingine.

Adili na Nduguze (1952), ya mwandishi huyo huyo, ndiyo inayostahili kutangulia. Hapa ajabu ni matendo. Usiku, liwali mwema anawachapa manyani wawili, kisha anawalilia na kuwalisha. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Mna pia mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na msichana mmoja tu, Mwelekevu, aliyebaki hai. Asili ya kisa imo katika Alfu Lela Ulela, ambamo wanaopigwa ni mbwa. Unyani umezidisha uchungu, kwa kuwa mkono wa nyani hufanana mno na wa mtu. Mtazamaji hahitaji kuelezwa. Majina ya majazi, ambayo kitabuni huweza kumchosha msomaji wa leo, katika mazungumzo husikika kama majina ya kawaida. Adili na Mwelekevu ni majina ambayo watu huitana.

Kwa upande wa bunilizi ya kisayansi, Walenisi ya Katama Mkangi (1995) haina budi kutajwa. Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani, lakini badala ya kuangamia anafika katika nchi isiyo na unyonyaji. Chombo si tatizo. Siku hizi vyombo hutengenezwa kwa kompyuta. Kazi iko katika jina. Machoni, Walenisi ni neno moja. Masikioni, mkazo huangukia silabi ya -ni-. Mwigizaji akilitamka polepole, mkazo ukahamia mwishoni, panasikika wale ni sisi, na mgeni anatambua kwamba wenyeji wake si wageni. Tukio hilo la sekunde chache ndilo kiini cha riwaya, na huwezekana kwa sauti kuliko kwa chapa. Filamu hiyo ikiigizwa kwa Kiingereza, litapotea lote, na kitakachosalia ni safari ya anga kama nyingine nyingi.

Na Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990)? Wapo wanaoitaka kwa sababu ya njozi zake. Lakini humo wakati haueleweki na msemaji mara nyingi ni sauti tu isiyo na mwili, nayo kamera humdai kila msemaji mwili. Hiyo ingefaa zaidi redioni, usiku, bila muziki mwingi.