Kikuza Sauti Kinapokoroma: Kosa Liko Wapi?

Katika shule au hospitali kubwa, iwe Musoma, Bunda au Butiama, kikuza sauti kimoja huweza kulisha spika nyingi. Kikianza kukoroma, kuchemka na kuunguza fyuzi, wengi hukilaumu chenyewe. Yafaa kwanza tuhesabu mzigo.

Tuchukue kikuza sauti cha wati 60 chenye njia ya volti 100. Kila spika ina transfoma ya wati 10. Ukinzani wake kwa mkondo geu ni 100 × 100 ÷ 10, yaani omu 1,000. Spika sita zikiungwa sambamba hutumia wati 60 kamili. Tukiongeza nne, zitadai wati 100, nacho kitazidiwa.

Ikiwa mzigo haujazidi, yamkini nyaya zimegusana. Zima mtambo, tenga njia ya spika, uipime kwa mita ya omu. Ikisoma karibu na sifuri, igawe nusu kwa nusu. Nusu yenye hitilafu uigawe tena. Kwa spika nane, migawanyo mitatu hutosha. Tusingoje siku ya moto ndipo tugundue kuwa tangazo la hatari halisikiki.