Mwia Asiyelipwa Riba

Mfanyabiashara aliyeiuzia serikali kuu ya Marekani meza na viti, akapeleka ankara isiyo na kasoro, ana haki kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1982 kulipwa, aghalabu, ndani ya siku 30. Na muhula huo ukipita, hazina humlipa na riba juu yake, hata kama hakuidai. Lakini jumuiya ya hisani iliyopewa ruzuku ya kuwalisha wazee, au halmashauri ya mji mdogo inayotengeneza mabomba yake ya maji, haimo katika hifadhi hiyo. Kanuni za ruzuku nazo zimetaja siku 30, ila hazikumwekea mchelewaji adhabu yoyote ya riba.

Ruzuku nyingi, hasa zile zipitiazo mikononi mwa jimbo kwanza, hulipwa kwa kurudishiwa gharama: jumuiya hutoa fedha zake, hukusanya stakabadhi na orodha za saa za kazi zilizotiwa sahihi, huzipeleka, kisha hungoja. Wapishi na madereva hawangoji. Ijumaa ya mshahara ikifika na hazina iko kimya, mhasibu hukimbilia benki kukopa. Riba ya mkopo huo, kwa kanuni zile zile, haruhusiwi kuitia katika hesabu ya ruzuku. Ilhali jumuiya iliyotangulizwa fedha, zikazaa benkini zaidi ya dola 500 kwa mwaka, hutakiwa kuirudishia serikali ile ziada. Sijui kama yuko muuza duka wa Mombasa ambaye angeukubali mkataba wa namna hii.

Makabila ya wenyeji wa asili yana kisa chao. Sheria ya mwaka 1975 iliyaruhusu kuendesha yenyewe, kwa mkataba, shule na zahanati zilizokuwa mikononi mwa serikali kuu. Nayo serikali ikachukua dhima ya kulipia na gharama za uendeshaji, kama vile ukaguzi wa hesabu na bima. Bunge likaziwekea gharama hizo kikomo, makabila yakagawiwa pungufu, nayo, huku kazi ikiendelea, yakaenda kortini. Mwaka 2012, katika shauri la Wanavaho wa Ramah, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkataba ni mkataba, na deni sharti lilipwe kamili. Mapatano ya dola milioni 940 yakaidhinishwa mwaka 2016, kwa madai ambayo baadhi yake yalianzia 1994.

Fauka ya hayo, serikali ilipofungwa kwa siku 35, tangu Desemba 2018 hadi Januari 2019, kwa sababu ya ugomvi wa bajeti, zahanati za makabila zilikatikiwa na fedha ilhali wagonjwa walizidi kuja. Dawa yake haikuwa ngumu: kuidhinisha fedha mwaka mmoja mbele. Bunge lilikubali kufanya hivyo kwa huduma ya afya ya wenyeji hao mwishoni mwa 2022, kwa ajili ya mwaka wa fedha wa 2024, na hiyo ndiyo mara ya kwanza.