Gereza limegeuka ukumbi wa arusi! Na gofu la kwenu je?

MSOMAJI wangu, hebu vuta kiti. Ukishuka botini pale Lamu, ukakata kichochoro cha kwanza kuingia mjini, unakutana uso kwa uso na ngome. Jumba la mawe, refu, limenuna kama askari magereza. Na kweli limewahi kuwa gereza! Lilianza kujengwa mwaka 1813 hivi, likaisha 1821, na kuanzia 1910 mpaka 1984 watu walikuwa wanaingia mle kwa pingu na kutoka kwa bahati. Miaka 74 hiyo, si mchezo.

Leo hii kwenye ua ule ule waliokuwa wanapangwa wafungwa, watu wanafanya mikutano na wanaozesha watoto wao. Nyimbo, vigelegele na pilau juu! Kama unadhani nakupiga fiksi, panda basi ukajionee.

Mimi nilipanda. Dar mpaka Mombasa, Mombasa mpaka Mokowe, halafu boti. Mgongo ulilia, lakini nilikuwa nimetumwa, na aliyenituma ni mjomba, kwa hiyo kukataa haikuwemo kwenye mpango.

Kisa chenyewe ni hivi. Kule kwetu, mji mdogo wa pwani ambao jina naliweka kapuni maana mambo bado moto, kuna jengo la zamani la mawe na chokaa, chini na juu. Lilikuwa duka, likawa ghala la chama cha ushirika, likawa ofisi, halafu likawa la popo. Limekaa katikati ya mji kabisa, jirani na stendi. Sasa watu wameamka. Kundi moja linataka libomolewe zijengwe fremu za maduka. Wazee wanataka liachwe kama lilivyo, wao wanalitazama tu roho zinatulia. Na vijana pamoja na kina mama wanataka liwe kituo cha mji: ukumbi wa mikutano, chumba cha vitabu, chumba cha cherehani, na jioni watu waangalie mpira bila kulipa kiingilio kwa yule jamaa wa banda.

Mkutano wa kwanza uliishia kwenye maneno ya "wewe baba yako ndiye aliyekula bati la ushirika". Unaelewa hapo kilichofuata. Mjomba akanipigia simu: "Wewe uko mjini na kazi yako ni kuuliza maswali. Nenda ukaangalie wenzetu wamefanyaje, uje na majibu, siyo michapo."

Haya, majibu.

Jambo la kwanza, wenzetu wa Lamu hawakuliacha gereza lifungwe halafu waanze kukuna vichwa. Wafungwa wa mwisho walipohamishwa 1984, jengo likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Waswidi wakachangia pesa ya kulikarabati. Likawekewa sehemu za maonyesho, maktaba, na ule ua ukabaki wazi kwa shughuli za wenye mji. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigusa. Angekuja mtu mwingine na tai yake angeweka mgahawa wa watalii, mwenyeji akapiga chabo getini. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mojawapo ya sababu ni kwamba watu bado wanaishi humo. Ule siyo mji wa maonyesho. Punda wanapita, mtoto anatumwa chumvi, maisha yanaendelea.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, yaani ukuta.

Nilimpata fundi mmoja mtu mzima, mwashi wa siku nyingi. Nikampa salamu, akanipokea vizuri, akasema, "Ndoo hapa, mwanangu." Mkienda Lamu mkasikia hivyo msije mkaenda kumtafutia ndoo ya maji, Kiamu hicho, maana yake njoo. Akanipeleka uchochoroni akanionyesha kuta mbili zinazotazamana. Moja ina plasta ya chokaa, ya zamani, ina ukungu kidogo na nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja, lakini imeshika. Ya pili ilipigwa sementi, inang'aa kwa mbali, ukiisogelea imevimba kama andazi. Akaigonga kwa kidole: ko, ko, ko. Uwazi mtupu ndani. Kipande kikadondoka, na nyuma yake jiwe limekuwa unga mweupe.

"Nyumba ya maiwe huvuta pumzi," akasema. "Ukiziba pua, je?"

Maiwe ni mawe, na sayansi yake haina uchawi. Nyumba zetu za kale za pwani zimejengwa kwa matumbawe, yale mawe ya baharini yenye vitundu, yakashikwa kwa chokaa. Unyevu unapanda kutoka ardhini, mvua inaingia, hewa ya bahari inaleta chumvi. Chokaa ni laini, inaruhusu maji yatoke taratibu. Sementi ni ngumu, maji yanabanwa ndani. Chumvi nayo inaganda nyuma ya plasta, inatanuka, na mwishowe inaisukuma plasta nje pamoja na ngozi ya jiwe. Ukiona imebanduka ukapiga sementi nyingine juu, unazidisha ugonjwa. Ukiweka nondo kwenye ukuta wa namna hiyo, chumvi inazila, zinapata kutu, zinavimba, zinapasua. Fundi wa mtaani anakuambia "tunapiga sementi, tunamaliza Ijumaa", na wewe unamlipa akuulie nyumba.

Kule kwetu fundi wa namna hiyo alikuwa ameshakuja na kamba yake ya kupimia! Hebu fikiria.

Chokaa yenyewe inataka subira, ndiyo maana vijana wa kazi za fasta hawaipendi. Zamani, na mpaka leo kwa baadhi, wanapanga magogo duara, juu wanalundika matumbawe, wanachoma. Baada ya hapo mawe yaliyoungua yanakutana na maji, na hapo kaa mbali, maana yanachemka kweli na ukirukiwa jichoni umekwisha. Kisha inalala. Kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini kama siagi. Ndipo inachanganywa, debe moja la chokaa kwa kama matatu ya mchanga usio na chumvi, inapigwa ukutani nyembamba, inamwagiwa maji isikauke haraka, inasubiriwa, inapigwa tena. Kuchoma magogo siku hizi sikushabikii, miti yenyewe iko wapi? Lakini chokaa ya mifuko ipo, kwetu huku inatengenezwa Tanga, hakuna haja ya kumaliza minazi ya bibi.

Kitu cha pili alichonifundisha mzee ni cha kuanzia juu. Mtu mwenye pesa kidogo anaanza na rangi, kwa sababu rangi inaonekana. Mzee akacheka. Paa kwanza! Maji yasiingie, mifereji ifanye kazi, na ile miche inayoota ukutani ikatwe, mizizi iuawe taratibu bila kuing'oa kwa nguvu, maana ukivuta unatoka na ukuta. Jengo lenye paa zima na kuta chafu litakungoja. Lenye rangi nzuri na paa bovu linakucheka.

Halafu boriti. Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu kama behewa? Ni kwa sababu dari inabebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake, hauwezi kuvuka chumba kipana. Kwa hiyo wale wenzangu waliochora ukumbi mmoja mkubwa kwa kuvunja kuta za katikati, poleni. Zile kuta ndizo zinazobeba ghorofa. Ukumbi uwe uani, kama Lamu, na vyumba vibaki vyumba. Na mikoko usikate kienyeji, ni hifadhi, bila kibali unaozea lupango.

Kuna atakayesema, sasa tabu yote hii ya nini, si tuvunje tujenge mpya? Nimwambie kitu. Tarehe 25 Desemba 2020, mchana, sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja iliporomoka. Jumba la mwaka 1883, la Sultani Barghash, watu wa ukarabati wako ndani. Wawili walifariki. Siku ile nilikuwa kijiweni Sinza, na watu ambao hawajawahi hata kuvuka kwenda Zanzibar walinyamaza wote. Jengo likianguka ndiyo unajua lilikuwa lako.

Tena usidhani serikali italinda kila gofu. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo, mpaka litangazwe rasmi. Lile la kwetu ni la baadaye, halijatangazwa na mtu. Maana yake mwenye greda na karatasi ya kibali anaweza kulimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Nisiwadanganye kwamba Lamu ndiyo njia pekee. Kusini kwetu, Mikindani, kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895. Lilikuwa limechakaa, shirika la hisani la Waingereza, Trade Aid, likalikarabati miaka ya mwisho ya 1990 likawa hoteli, na vijana wa pale wakafundishwa kazi za hoteli. Si vibaya, watu wamepata ajira na jengo limesimama. Ila tofauti unaiona: hoteli unaingia ukiwa na mshiko, ukumbi wa mji unaingia kwa sababu wewe ni mtu wa pale. Kwetu wakisema hoteli sitapinga sana. Nitauliza tu bibi yangu ataingilia mlango upi.

Hapo ndipo nilipowarudishia kamati maneno ambayo hawakuyapenda. Mambo ya chokaa yote walikubali, hata yule wa fremu alitikisa kichwa. Nilipouliza "ufunguo atakaa nao nani?" kikao kikawa baridi kama maji ya mtungi. Maana vituo vingi vya jamii nilivyoviona vimekufa hapo, hata paa lilipokuwa zima. Unakuta jengo zuri, bango lenye jina la mfadhili, na kufuli. Mwenye ufunguo yuko msibani. Au ni mwenyekiti, na mwenyekiti amekasirika. Baadaye kidogo wanaingiza mifuko ya mbolea "kwa muda", na popo wanarudi kwao.

Bi mmoja wa kikundi cha ususi wa mikeka, mwanamke asiyependa maneno mengi, ndiye aliyevunja ukimya. Akasema yeye hataki ufunguo, anataka kujua choo. Wanaume wakacheka. Hakucheka. Akasema kina mama watakaa pale kutwa na watoto, ukumbi usio na choo cha wanawake chenye mlango unaofungwa ni ukumbi wa wanaume, muuite hivyo tangu leo ili wao wasipoteze nguvu kubeba maji ya kuchanganyia chokaa. Kimya! Mjomba akaandika choo kwenye daftari, namba moja, juu hata ya paa.

Mpaka naandika haya, mambo yako hivi. Yule fundi wa sementi ameambiwa asubiri. Bati limepatikana kwa michango, robo tatu ya linalohitajika, na vijana wawili wa bodaboda wamejitolea kubeba mchanga wa mtoni. Shimo la chokaa limechimbwa nyuma ya jengo, limezungushiwa miiba watoto wasisogee, na chokaa imelala humo wiki ya tano sasa. Funguo zimechongwa tatu: mmoja kwa kina mama, mmoja kwa vijana, mmoja kwa wazee. Jamaa wa fremu anadai wa nne, na kikao chake ni Jumamosi baada ya alasiri.