Karamu ya kuonja: Chakula kitangulie, kinywaji kifuate

WAHENGA walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini katika karamu nyingi tunazoandaa mijini, mwenyeji hupona, naye mgeni akarudi kwake mgonjwa. Sisi madaktari huwaona wageni hao Jumatatu asubuhi. Huyu ana kiungulia, yule anaharisha, na mwingine hawezi kuvaa kiatu kwa sababu kidole gumba cha mguu kimefura na kinawaka moto.

Miaka ya karibuni, wakazi wengi wa miji yetu wameipenda karamu ya kuonja. Marafiki wanane au kumi hukutana nyumbani kwa mmoja wao, kila kinywaji kikaandaliwa pamoja na chakula kinachooana nacho, na watu wakalinganisha ladha. Ni tafrija nzuri kwa kuwa lengo lake ni kuufurahisha ulimi, si kulijaza tumbo.

Kasoro yake ni kwamba wenyeji wengi huanza kwa kununua chupa. Jioni yenyewe ikifika, ndipo hutuma mtoto dukani akalete karanga na krispi. Ushauri wangu kwako, msomaji, ni kufanya kinyume chake. Panga chakula kwanza, kisha ukitafutie kinywaji.

Kwa nini chakula kwanza?

Sehemu kubwa ya pombe huingia katika damu kupitia utumbo mdogo. Tumbo likiwa tupu, pombe huteremka upesi hadi kwenye utumbo huo na kupanda kichwani kabla mtu hajamaliza salamu. Tumbo likiwa na chakula, hasa chenye mafuta na protini, pombe huchelewa kuteremka. Watu wawili wakinywa kiasi kile kile, aliyekula hupandwa polepole kuliko mwenzake mwenye njaa.

Hata hivyo, usidanganyike. Chakula hakiondoi pombe mwilini, kinaipunguzia kasi tu. Kazi ya kuiondoa ni ya ini, nalo huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa nyeusi, maji baridi ya kuoga wala supu ya mifupa haviwezi kuliharakisha.

Kwa hivyo, nusu saa kabla ya kufungua chupa ya kwanza, wape wageni kitu cha kushika tumbo. Viazi vya kuchemsha, mkate, sambusa au mishkaki vyafaa. Krispi na karanga zenye chumvi nyingi hazifai kuwa chakula cha kwanza. Huleta kiu, na mwenye kiu hunywa badala ya kuonja. Isitoshe, chumvi hiyo haimfai mgeni mwenye shinikizo la damu.

Kuonja si kunywa

Mililita 50 za mvinyo zinatosha kuonja. Hizo ni kama vijiko vitatu vya mezani na kidogo. Chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15, kwa hivyo kwa wageni wanane chupa moja ya kila aina yatosha na kubaki.

Tufanye hesabu. Mgeni akionja aina nne za mvinyo wenye nguvu ya asilimia 13, mililita 50 kila mmoja, atakuwa amekunywa takriban gramu 20 za pombe halisi. Hicho ni karibu kiasi kilichomo katika bia moja ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5. Lakini ukimjazia gilasi ya mililita 150 kila mara, aina zile zile nne zitampa gramu 60, sawa na bia tatu kubwa. Chukua kikombe cha kupimia cha jikoni, pima mililita 50 za maji, uzimimine katika gilasi utakazotumia, uone zinafika wapi.

Weka pia bakuli la kutemea. Wako watakaoona ni utovu wa adabu. Waeleze kwamba waonjaji wa chai inayouzwa katika mnada wa Mombasa huonja vikombe vingi mno kwa siku, nao hufyonza kwa kijiko kisha wakatema. Ladha hujulikana kwa ulimi na pua, haingojei kumezwa.

Wala usimwalike mtu kwa kumwambia kwamba mvinyo ni dawa ya moyo. Januari 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Pombe husababisha saratani kadhaa, zikiwemo za kinywa, umio, ini na matiti. Ukinywa kidogo, hatari hupungua, lakini haitoweki.

Ladha zinazooana

Huhitaji kusomea hoteli kujua kipi kinafuatana na kipi. Kanuni nne zatosha.

Kwanza ni ukakasi. Mvinyo mwekundu hukausha ulimi mithili ya ndizi mbichi. Kinachofanya hivyo huitwa tanini, nacho hunasa protini za mate. Ukila nyama, tanini hunasa protini za nyama na mvinyo huwa laini. Ndiyo maana mvinyo mwekundu huenda na nyama choma au mishkaki. Kwa asiyekunywa pombe, mpe sharubati ya maua mekundu ya rosela isiyotiwa sukari nyingi. Nayo ina ukakasi na ukali unaofaa nyama.

Pili ni ukali wa ndimu. Kinywaji chenye ukali hukata mafuta. Samaki wa kukaanga, awe ngege wa Kisumu au changu wa pwani, huenda na mvinyo mweupe usio mtamu, au maji ya ukwaju yaliyopozwa.

Tatu ni pilipili. Hapa wengi hukosea. Pombe huzidisha mwasho wa pilipili, na kadiri ilivyo kali ndivyo kinywa kinavyowaka. Viazi karai, kuku wa pilipili na biriani huhitaji kitu kitamu kidogo au cha maziwa. Maziwa lala na madafu yatamfaa mgeni kuliko chupa yoyote ya bei ghali.

Nne ni utamu. Mvinyo unaonywewa na keki sharti uwe mtamu kama keki au zaidi, la sivyo utaonekana mchungu na mchachu. Njia nyingine ni ile ya watu wa pwani, haluwa au tende pamoja na kahawa chungu katika kikombe kidogo. Uchungu na utamu vinakamilishana, wala hakuna anayeondoka akiyumba.

Panga vionjo kutoka vyepesi hadi vizito, na kutoka visivyo vitamu hadi vitamu. Katikati, toa maji na kipande cha mkate mkavu ili kusafisha ulimi. Ukiandaa chai au kahawa, iache ipoe kidogo. Vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, viliorodheshwa mwaka 2016 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO kuwa huenda vikachangia saratani ya umio, maradhi yanayowasumbua wengi nchini Kenya.

Waulize wageni mapema

Unapowapigia simu kuwaalika, uliza swali moja: "Kuna chakula au kinywaji ambacho hukitumii, au dawa unayomeza?" Huhitaji kujua mengine. Jibu lake laweza kuokoa uhai.

Wa kwanza ni mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Pombe hulizuia ini kutoa sukari, na sukari ya damu yaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku wa manane. Dalili zake ni kutokwa na jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa na kuongea kama mlevi. Kwa kuwa mdomo wake unanuka pombe, wenzake husema, "Mwacheni alale, amelewa." Wengine hawaamki. Mtu huyu asionje kabla ya kula, asikose chakula cha jioni, na apime sukari kabla ya kulala. Akianza kuchanganyikiwa na bado anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au maji yenye sukari. Akiwa amezirai, usimtie chochote kinywani. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Wa pili ni anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Pombe pamoja na dawa hiyo huweza kudhuru ini. Jibini iliyokomaa, mvinyo mwekundu na samaki wa aina ya jodari huweza kumletea maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio na uso kuwaka. Meza ya kuonja ina vyote hivyo. Mwandalie sahani yake.

Anayemeza metronidazoli kwa ajili ya amiba, dawa za usingizi, au vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, naye asiguse pombe. Mwenye jongo, yaani yule wa kidole gumba, ajihadhari na bia na nyama choma kwa pamoja, kwani vyote viwili huongeza asidi ya yuriki katika damu. Mama mjamzito asinywe pombe kabisa, wala asile jibini au maziwa ambayo hayakuchemshwa au kupitishwa kiwandani kuua viini. Maziwa mabichi huweza kuleta brusela kwa yeyote.

Mgeni akisema hanywi, usimuulize sababu. Huenda ni dini, huenda ni dawa, na huenda ni mtu aliyepigana na pombe miaka mingi akaishinda. Kumhimiza "onja kidogo tu" ni kumrudisha alikotoka. Kila chakula kiwe na kinywaji cha pombe na kisicho cha pombe, katika gilasi zinazofanana, ili asikae pembeni na chupa ya soda kama mtoto.

Usalama wa mezani

Chakula kilichopikwa kisikae mezani kwa zaidi ya saa mbili. Toa kidogo kidogo, kingine kibaki jikoni kikiwa moto sana au ndani ya friji. Mishkaki iliyopoa tangu saa kumi na moja jioni ndiyo chanzo cha wale wanaoharisha Jumatatu.

Chagua karanga na korosho moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, maana ukungu hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyoharibika. Karanga nzima nazo zisiachwe karibu na watoto wadogo, zisije zikawakaba.

Usiweke mezani pombe usiyojua ilikotoka, hata kama ameileta rafiki mwema. Methanoli haina ladha ya kukuonya, nawe huwezi kuitambua kwa ulimi hata ukiwa mwonjaji hodari. Novemba 2000, pombe iliyochanganywa nayo iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi, na Februari 2024 maafa kama hayo yalitokea Kirinyaga. Nunua katika duka lenye leseni, na ukague kifuniko kama kimeguswa. Kumbuka pia kwamba sheria ya mwaka 2010 inakataza kumpa pombe mtu wa chini ya miaka 18, hata awe mwanao anayekusaidia kuosha gilasi.

Mwisho, panga safari ya kurudi kabla ya kupanga meza. Amueni mapema nani hataonja pombe ili awaendeshe wenzake, au ni teksi ipi itaitwa na kwa saa ngapi. Mwenyeji asiyejua wageni wake watafikaje nyumbani hajamaliza kuandaa karamu.