Siku moja ya mapumziko Nzahaha



Mwezi uliopita sisi walimu wa kujitolea tulikuwa kwenye mafunzo Rusizi, zamani Cyangugu. Katikati tulipewa siku moja ya kupumzika. Wengine walilala, wengine walifua nguo. Mimi na wenzangu wawili tukapanda pikipiki mpaka Nzahaha, kutembea tu na kuona inchi.

Kutoka vilima vya kule unaona chini bonde la Bugarama na mashamba ya mpunga, na mto Rusizi unaotoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika. Pale ndio mpaka. Ng'ambo ya Bugarama ni Kamanyola, Kongo. Tulikaa chini ya mti tukala mahindi ya kuchoma, tukanyamaza. Mimi nilitoka Kongo mgongoni mwa mama. Hiyo ndio mara ya kwanza kuona kwetu kwa macho ya mtu mzima.

Niliporudi niliwachorea watoto ule mto ubaoni. Mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona haukuvuka?" Nikamwambia mkimbizi havuki kwa kutembea tu. Halafu nikauliza, nani anajua jina la kijiji cha wazazi wake? Darasa zima, mikono minne tu ilinyanyuka.

Wazazi, hilo si kosa la watoto. Jioni kabla ya kulala, waambieni jina la kijiji, la mto wenu, na la babu yao. Mimi naweza kuchora mto. Mambo ya nyumbani munayajua ninyi.