Kisicho Hai Si Kisicho na Kazi: Funzo la Seli ya Muhogo

Vitabu vya baiolojia huzigawa sehemu za seli ya mmea katika makundi mawili. Utando wa seli, saitoplazimu na kiini huhesabiwa kuwa hai. Ukuta wa selulosi na utomvu uliomo ndani ya vakuoli huhesabiwa kuwa si hai. Mgawanyo huo una manufaa, ila msomaji asidhani kwamba kisicho hai hakina kazi. Muhogo, chakula cha kila siku Mtambile na kwengineko Pemba, watufundisha kinyume chake.

Ndani ya vakuoli ya seli ya muhogo mna linamarini, kemikali inayobeba sianidi. Kimeng'enya kinachoivunja, linamarasi, hukaa katika ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi havikutani. Muhogo ukikatwa, ukikwaruzwa au ukitwangwa, seli hupasuka, vikachanganyika, na sianidi ikatoka. Seli imekwisha kufa, lakini kimeng'enya huendelea na kazi, kwani ni protini isiyohitaji uhai wa seli.

Kwa hiyo kutwanga kisamvu si kwa ajili ya ulaini tu. Kutwanga huikomboa sianidi, na kuchemsha chungu kikiwa wazi huitoa hewani, kwani huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Muhogo mchungu ukitiwa mzima katika maji ya moto, joto huharibu kimeng'enya mapema na linamarini nyingi hubaki. Muhogo huo umenywe, uroweke kwa muda wa siku tatu, ukaushwe juani, ndipo upikwe.

Kupuuza hatua hizi kuna gharama. Konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, ulichunguzwa Tarime katika miaka ya 1980. Huwapata hasa watoto na wanawake wanaoshindia muhogo mchungu usioandaliwa vyema bila kitoweo. Mwili huhitaji salfa itokanayo na protini ili kuipunguza sumu ya sianidi. Ndiyo maana dagaa au choroko kando ya muhogo ni kinga.

Mhudumu wa afya akimpokea mgonjwa anayetapika, mwenye kizunguzungu na maumivu ya kichwa, amwulize amekula nini na kimeandaliwaje. Ikiwa ni muhogo mchungu, apelekwe hospitali bila kuchelewa.