Mbona daktari alifunika jino bovu bila kulichimba?

Barua kutoka Kinanie, kule Mavoko, Machakos, ilikuwa fupi na yenye hasira. Mama mmoja alimpeleka bintiye wa miaka 5 kwa daktari wa meno kwa sababu ya gego lililotoboka. Alitarajia sindano ya ganzi, kisha keekee au koleo. Hakuona hata kimoja. Daktari alipenyeza vijipira viwili katikati ya magego, akawaambia warudi baada ya siku chache, na waliporudi akalivalisha jino kofia ya chuma, uozo ukiwa bado ndani. "Huyu ni daktari ama ni fundi wa mabati?" akauliza.

Ni daktari, tena anayesoma. Barua za meno ya watoto zimenirundikia mezani: huyu analalamika kuwa mwanawe amepakwa dawa iliyogeuza jino kuwa jeusi tititi, yule anataka kujua kwa nini jino la mwanawe mmoja lilizibwa na la mwingine likang'olewa. Nitaanza na ile kofia, kwa kuwa ndiyo inayonisisimua.

Bakteria wanaoozesha jino hawalitafuni. Wanakula sukari, wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Mtoto akinywa chai ya sukari saa nne, asidi hupanda kwa muda, kisha mate huipoza na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Akinywa tena saa tano, akalamba peremende saa sita, mate hayapati nafasi. Sasa chukua kofia ya chuma kisichoshika kutu, ijaze saruji ya glasi-ayonoma, ibane juu ya jino mpaka ifunike kila upande. Bakteria wamefungiwa ndani, na sukari haiwafikii. Wengi wanakufa. Wachache wanaobaki huponea protini kidogo zinazochuruzika kutoka kwenye kiini cha jino, na kwa chakula hicho hawatoi asidi ya kutisha. Jino nalo halikai kimya: kiini hujenga ukuta mpya wa dentini upande wa ndani, na ile sehemu iliyokuwa laini kama jibini huanza kukauka na kuwa ngumu. Uozo haukuondolewa, umenyimwa chakula. Vile vijipira vilikuwa vya kutenganisha meno kidogo ili kofia ipite.

Mbinu hii inaitwa kwa jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland aliyekuwa akiitumia kimyakimya tangu miaka ya 1980. Rekodi zake zilipochunguzwa, wenzake walishtuka. Ukafuata utafiti wa watoto 132 katika eneo la Tayside: kila mtoto alivalishwa kofia kwenye gego moja, na gego jingine likazibwa kwa njia ya kawaida. Baada ya miaka 5, magego yaliyoharibika vibaya, kwa maumivu au usaha, yalikuwa asilimia 3 kwa kofia na karibu asilimia 17 kwa kuziba. Akishavalishwa kofia, mtoto huuma kwa namna ya ajabu siku za kwanza kwa sababu kofia imeinuka kidogo. Baada ya wiki chache meno hujipanga yenyewe.

Kwa nini basi si kila jino linavalishwa kofia? Kwa sababu daktari anasoma kalenda. Meno ya utotoni ni 20, na kila moja lina wakati wake wa kuondoka. Ya mbele huanza kudondoka kwenye miaka 6 au 7. Magego hukaa hadi miaka 10, 11, hata 12. Kwa hiyo daktari huuliza: jino hili limebakiza miaka mingapi, na uozo utaufikia lini mshipa ulio ndani ya kiini? Jino la mbele linalotikisika tayari huenda likaachwa na kusuguliwa tu. Gego la mtoto wa miaka 5 lina nusu ya maisha yake mbele yake.

Ndiyo maana siwezi kuivumilia ile kauli ya "si yataanguka tu." Yataanguka, ndiyo, lakini enameli ya meno hayo ni nyembamba, karibu nusu ya ile ya meno ya ukubwani, na kiini chake ni kikubwa, kwa hiyo uozo hufika kwenye mshipa upesi. Gego la pili likitolewa mapema, lile gego la kudumu linaloota nyuma yake kwenye miaka 6 husogea mbele na kuziba nafasi ya jino linalongoja chini. Lile gego la miaka 6, kwa njia, si la utotoni. Halibadilishwi, ingawa wazazi wengi huliacha lioze wakidhani litabadilishwa.

Tundu likiwa dogo na liko juu tu ya gego, kuna njia nyingine, na hii isitafutwe Ulaya. Katikati ya miaka ya 1980, huko Morogoro, Tanzania, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakitibu mahali pasipo na umeme wa kuendesha keekee. Walikwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono, wakajaza saruji inayoshika jino. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbinu hiyo mwaka 1994, na leo inatumika katika nchi nyingi. Udhaifu wake ni mmoja: tundu likiwa ubavuni, katikati ya magego mawili, saruji huvunjika mapema. Hapo kofia inashinda.

Na ile dawa nyeusi? Ni floraidi ya silva-diamini. Silva huua bakteria, floraidi huimarisha jino, na sehemu iliyooza hubaki nyeusi daima, ila ikikwanguliwa na kuzibwa. Ni tone tu na brashi, halihitaji ganzi, kwa hiyo linamfaa mtoto mdogo asiyetulia kitini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa meno ya mbele wazazi wengi huikataa kwa sababu ya rangi, nami nawaelewa. Daktari mwema hueleza kabla ya kupaka.

Yote haya yanategemea jambo moja: mshipa uwe hai. Jino likiuma lenyewe usiku, au ufizi ukitoa kijipu, muda wa kofia umepita. Hapo ni kukata sehemu ya kiini au kusafisha mzizi, na mara nyingi kung'oa. Dawa za kuua bakteria zinazouzwa dukani bila karatasi ya daktari hazitaponya jino hilo: damu ndiyo inayobeba dawa, na jino lililokufa halina damu ndani yake. Uvimbe hupungua, mzazi anasahau, na miezi mitatu baadaye umerudi.

Sasa nigeukie walioniudhi. Hakuna mdudu ndani ya jino. Anayekuonyesha mnyoo mweupe kwenye pamba aliuweka mwenyewe. Maji ya betri yanayowekwa kwenye jino linalouma huunguza ufizi na kuyeyusha jino lenyewe, maana ni asidi. Na wale wanaochokonoa ufizi wa mtoto mchanga mwenye kuharisha wakidai wanatoa "meno ya plastiki," kwa sindano au kisu, wanang'oa chipukizi la chonge halali lililokuwa likijiandaa kuota. Wenzetu Uganda wanaita jambo hilo ebinyo. Mtoto alikuwa anaumwa kuhara, na sasa ana kidonda juu ya kuhara. Chonge la kudumu, kama litaota, mara nyingi huja limepinda au lina kasoro. Hao si waganga, ni waumizaji.

Wa Kinanie wana swali la pekee, kwa sababu ya maji. Visima vya eneo lao la Athi River hutoa maji yenye floraidi nyingi, na watoto wanaoyanywa meno ya kudumu yakiwa bado yanajengwa huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo si uozo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta madoa ya floraidi kwa asilimia 41.4 ya watoto waliochunguzwa, na meno yaliyooza kwa asilimia 23.9. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunayakoleza. Maji ya mvua yanafaa zaidi kwa uji na kunywa, ukiyapata. Dawa ya meno bado inahitajika hata kwa mtoto wa huko: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere, atemee asimeze.

Nisiwadanganye lakini. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliofuatilia zaidi ya watoto 1,100 waliokuwa na uozo tayari, ulilinganisha kuziba kwa kawaida, kufungia uozo, na kinga tupu. Katika makundi yote, karibu watoto 4 kati ya 10 walipata maumivu au usaha. Uozo ukishaanza, hakuna matibabu yanayofuta kila hatari. Mtoto asilale na chupa ya chai au juisi, asuguliwe na mkubwa mara mbili kwa siku, aonwe mapema. Anayekutibu awe amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na hilo unaweza kuliangalia mwenyewe. Uvimbe ukishuka chini ya taya, mtoto akashindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje asubuhi: mpeleke hospitali usiku huohuo.

Nawe mama wa Kinanie, usimruhusu mtu aibandue kofia hiyo. Isuguliwe kwa mswaki kama jino lolote. Gego litadondoka bintiyo akiwa na miaka 10 au 11, na kofia itatoka nalo.